Kitanda cha Tatu Kaburini

"Mimi mnizike kule chini kwenye vigae," alisema Apfia, huku akichambua dengu kwenye ungo. "Asubuhi kuna kivuli kizuri. Na mbuzi watakuwa wanapita kunijulia hali."

Meltine alikuwa ameinama kwenye pipa la rangi, mikono myekundu hadi viwiko, akigeuza sufu kwa mti. Alilipiga fungu la sufu kwa nguvu mpaka maji yakamrukia usoni.

"Mama, chambua dengu zako."

"Nachambua. Inachambua mikono, mdomo hauna kazi."

"Huzikwi kwenye vigae."

"Sasa nizikwe wapi, jikoni?" Apfia alitupa kijiwe nje ya ungo. "Usininunie, mwanangu. Mimi nilianzia jalalani. Nikimalizia chini ya vigae, si nimepanda cheo?"

Meltine alitaka kucheka, akashindwa. Maana ilikuwa kweli tupu. Apfia aliokotwa jalalani nyuma ya soko, kitovu hakijakauka, kama walivyookotwa wengi hapa Hierapoli, akalelewa na waliomwokota ili afue sufu yao. Baba hamjui, mama hamjui. Na mtu asiye na ukoo, hapa kwetu, anapelekwa mteremko wa chini: shimo, maiti, vigae juu, udongo, basi. Zikipita baridi mbili hakuna anayejua nani yuko wapi.

Tena haikuwa habari ya mbali. Uvimbe ulikuwa umemkaa tumboni tangu majira ya baridi. Tabibu wa pale kwenye mabirika ya maji ya moto alimbonyeza, akanawa mikono, akamvuta Meltine pembeni na kumwambia kwamba zabibu zikivunwa mgonjwa hatakuwepo. Sasa tini za kwanza zilikuwa zimeshaiva. Apfia hakuambiwa kitu, lakini hakuwa mjinga.

Mzaha wake wote huo ulikuwa wa kujifunika. Wiki moja kabla, Meltine akimsugua mgongo, lilimtoka neno la kweli. "Kufa sikuogopi," alisema, amempa mgongo, hamtazami. "Ila nimelala na baba yako pembeni miaka ishirini na minne. Tangu afe nalala na mto wake. Kwenda kulala peke yangu kule chini, na watu nisiowajua, hilo ndilo linanitisha." Kisha akajuta kusema, akaanza kulalamika kwamba maji ni ya baridi, wakati maji ya mji huu yanatoka ardhini yakichemka.

Tangu siku hiyo Meltine hakuwa na amani. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake wa kambo alazwe ndani ya kaburi la baba yake, na kabla zabibu hazijaiva awe amelihakikisha. Tatizo lilikuwa jiwe.

Sisi watu wa Hierapoli tunajenga makaburi mapema. Mtu akishapata mke na punda, cha tatu anatafuta kaburi. Nenda barabara ya lango la kaskazini uone yalivyobanana pande zote mbili, nyumba za mawe zenye paa na mlango, mabenchi nje ili mpita njia apumzike asome waliomo. Juu ya kila mlango imechongwa orodha: fulani, na fulani, na mwingine asiingizwe. Nakala inawekwa kwenye nyumba ya hati mjini, asije mjanja mmoja akapitisha patasi. Na tuna kosa letu moja, tunalirithishana baba kwa mwana. Mwanamume akifiwa na mke, kabla hata hajanyoa ndevu za matanga, anamwita fundi achonge maneno makubwa makubwa. Miaka miwili baadaye ameoa. Amesahau alichosema, lakini jiwe halijasahau, na yeye kila siku anasema nitakwenda kulirekebisha kesho.

Glikoni mtia rangi naye alikuwa hivyo hivyo. Ulipokuja mwaka wa homa, mkewe Tatia alikufa kwa siku tatu, na Glikoni akaandikisha juu ya mlango: *Kaburi hili ni la Glikoni, na Tatia mkewe, na mtoto wao. Mwanamke mwingine asiingizwe humu kamwe.* Kisha akamwoa Apfia aliyekuwa akifua sufu uani kwake, akakaa naye vizuri, akimtania na kumpikia mayai siku za sikukuu. Kila mwaka alisema atakwenda kwa karani. Akaanguka siku moja kati ya mapipa yake, ulimi ukiwa mzito, na jioni ile ile akafa. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita.

Meltine alinawa mikono, ikabaki myekundu vilevile, akajifunga shela akaenda nyumba ya hati.

Karani wa pale alikuwa mtu wa mafua yasiyokwisha. Aliishusha hati ya Glikoni kutoka rafuni, akaipuliza vumbi, akapiga chafya mara tatu, akasoma.

"'Mwanamke mwingine asiingizwe humu kamwe.' Ah! Baba yako hakuacha hata tundu la panya."

"Alikuwa na majonzi."

"Wote huwa na majonzi. Rafu hii nzima ni majonzi." Alipenga kamasi. "Maneno ya marehemu mimi siyafuti, bibie. Hata ulie vipi. Lakini subiri. Hapa amesema 'na mtoto wao'. Mtoto si ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Hawakupata mwingine."

"Basi kitanda kimoja cha jiwe mle ndani ni chako, na cha kwako unaweza kumpa umtakaye. Utaandika kwamba umempa huyo mama nafasi yako, ataingia kwa haki yako. Kwa hati, hatakuwa mwanamke mwingine. Atakuwa ni wewe."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umeshazikwa." Karani akaona uso wake. "Samahani. Kwa hati, nasema. Huwezi kudai tena. Na ukoo wa mama yako lazima ushuhudie, kwa sababu wao ndio watunzaji wa kaburi. Ufunguo anao nani?"

"Mama mkubwa. Bi Trifosa."

"Pole sana," alisema karani, na alimaanisha.

Meltine alirudi kwa njia ndefu, akipitia lango la kaskazini, akaenda kukaa kwenye benchi la kaburi la baba yake. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mumewe alizama na meli ya nguo, hakuna hata kidole kilichorudi, na watoto hawakujaliwa. Pale ndani ndipo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba ni pake. Kando ya barabara pameshajaa tangu enzi za babu zetu, hata pa kumzika kuku hapana. Akimpa Apfia kitanda kile, kwenye vigae atakwenda yeye, na nani atakuja kumtaja jina? Aliogopa. Aliogopa kweli, akakaa pale mpaka akachoka kuogopa. Kisha akainuka kwenda kwa mama mkubwa.

Bi Trifosa, dada mkubwa wa marehemu Tatia, alikuwa na miaka sabini na minne na mgongo ulionyooka. Alikuwa anakula jibini na asali uani.

"Mama mkubwa, habari za tangu juzi?"

"Ziko palepale. Umekonda. Yule mfua sufu hakulishi?"

"Anaumwa, mama mkubwa. Anakufa."

Trifosa aliweka kisu chini. "Miungu impokee taratibu," alisema, kwa maana hakuwa katili. Alikuwa na kinyongo tu, na kinyongo cha miaka thelathini na saba kinakuwa mwenyeji wa nyumba, hakifukuziki. Lakini Meltine alipoeleza kilichomleta, jibini lilisukumwa hadi ukingoni mwa meza.

"Nani? Wapi? Meltine, umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi kanywe, labda akili itarudi! Dada yangu hajamaliza hata miaka miwili mle ndani, baba yako akamleta mwanamke akamlaza kitanda cha mwenyewe. Nikasema haya, ndio wanaume. Kitanda cha mbao amechukua. Sasa anataka na cha mawe?"

"Cha mawe ni changu."

"Kiko katikati! Kichwani kwa mama yako, kichwani kwa baba yako. Hata kaburini akae katikati ya mtu na mkewe, hana haya?"

"Atawageuzia mgongo."

Mdomo wa Trifosa ulicheza kidogo, akaubana haraka. "Usinichekeshe, nimekasirika. Jibu ni hapana. Nilimwahidi mama yako."

"Uliahidi nini?"

"Kumlindia mahali pake. Basi."

Meltine alimjua mama yake mkubwa. Ukimsukuma anakita miguu. Kwa hiyo hakumsukuma, alikaa akachukua kipande cha jibini akakila polepole, kisha akasema, "Keshokutwa ni siku ya kumpelekea mama taji la maua. Twende kama kila mwaka. Ila mwaka huu tuingie ndani wote wawili. Ukimwambia dada yako hapana, umesimama mbele yake, na mimi nitakubali hapana. Sitakusumbua tena."

Hapo ndipo aliona jambo ambalo hakulitarajia. Uso wa yule mama ulipauka.

"Mimi siingii mle."

"Kwa nini? Kila mwaka unafungua mlango, unanipa taji nipeleke, wewe unabaki kwenye benchi."

"Magoti."

"Magoti gani? Sikukuu iliyopita ulipanda ngazi zote za ukumbi wa michezo, ukawatukana waliokuzibia."

Trifosa alichukua kisu, akakiweka. Mwishowe akasema, bila kumtazama, "Keshokutwa. Asubuhi, jua halijawa kali."

Siku ya taji walikutana barabarani. Trifosa alibeba taji la majani na maua ya waridi, ufunguo wa chuma umening'inia kiunoni. Kufuli lilikuwa limeanza kuota ule ukoko mweupe wa chokaa unaoachwa na maji yetu, likagoma, Trifosa akalisema maneno ambayo bibi wa heshima hayasemi mbele ya maiti, likafunguka. Mlango wa jiwe ukalia. Meltine aliwasha taa ya mafuta akatangulia. Alisikia nyuma yake pumzi ya mama mkubwa ikisita kizingitini, ikisita, kisha hatua.

Ndani palikuwa na baridi ya kupendeza. Kulia kitanda cha Tatia, kushoto cha Glikoni, vyote vimechongwa kwenye jiwe moja na ukuta, na mto wa jiwe kichwani wenye mikunjo kama ya kitambaa. Mifupa ilikuwa imetulia chini ya nguo zilizogeuka vumbi. Na ukuta wa mbele, kati ya vichwa vyao, kitanda cha tatu, kitupu.

Meltine aliweka taji kifuani pa mama yake, akasema yale ambayo husema kila mwaka, kwamba ni mzima na kazi inakwenda. Alipogeuka alimkuta Trifosa amesimama mbele ya kitanda cha tatu, mkono mdomoni.

"Sijawahi kukuuliza," alisema Meltine. "Kwa nini hiki ni kifupi? Nilipokuja kumzika baba nilidhani fundi aliishiwa na jiwe."

"Hakuishiwa."

"Sasa?"

"Nilikupima mimi," alisema Trifosa. "Kwa uzi."

Meltine hakuelewa. Alimulika kitanda kwa ile taa. Ulikuwa urefu wa mtoto wa miaka tisa. Mto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kichwa kidogo.

"Ulikuwa na homa ile ile," Trifosa aliendelea, akiongea na ukuta. "Mama yako ameshakufa ndani, wewe umelala mkekani, macho yamegeuka. Tabibu akasema kesho. Baba yako alikuwa kama mtu aliyepigwa rungu, hafanyi kitu, na fundi yuko huku anachonga, anataka vipimo. Nikachukua uzi wa sufu, nikakupima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Ulikuwa bado unapumua, Meltine. Ulifungua jicho ukanitazama ukaniuliza, 'Unanishonea nguo?' Nikasema ndiyo."

Meltine aliketi kwenye ukingo wa kile kitanda.

"Nikampa fundi ule uzi kwa mkono wangu. Niliporudi kukutazama, hukuwepo mkekani. Yule msichana mfua sufu alikuwa amekubeba mgongoni amekupeleka kwenye maji ya moto. Nikamfuata nikamtukana. Nikamwambia amwache mtoto afe kwa heshima, amfuate mama yake. Hakunijibu. Alikuwa amekukalisha majini, amekushikilia kichwa, anachovya sufu safi kwenye uji wa shayiri, anakukamulia mdomoni tone kwa tone. Siku kumi na tisa alikupeleka na kukurudisha. Mimi nilikuwa nimeshashona sanda."

"Hakuniambia," alisema Meltine. "Miaka yote hii hajaniambia hata neno."

"Angekwambia ungenichukia mimi." Trifosa alifuta uso kwa ncha ya shela, kwa hasira, kama anafuta meza. "Kwa hiyo nikamchukia yeye kwanza. Ndiyo hivyo. Umeshajua kwa nini siingii."

Nje punda alipita na mwenye punda akiimba ovyo. Meltine alipapasa ule mto mdogo wa jiwe, vidole vyake vyekundu vikafuata mikunjo, na moyo ukamjaa kiasi kwamba alihisi utapasuka. Hakumchukia mama mkubwa. Alitafuta chuki akaikosa.

"Mama mkubwa, kitanda hiki kilichongwa kwa ajili yangu, na kimekaa kitupu kwa sababu yake. Mwambie mama, basi. Mwambie hapana, nikusikie."

Trifosa aligeukia kitanda cha dada yake. Alilinyoosha lile taji. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya majirani, "Tatia, kuna mtu anakuja kukaa na nyinyi. Mpisheni kidogo. Nitakueleza nikija."

Hati iliandikwa siku ile ile, karani akipiga chafya, Trifosa akiweka muhuri wake. Fundi Zotiko alichonga maneno mapya kwenye mwimo wa mlango, chini ya yale ya Glikoni, kwa herufi ndogo lakini safi: *Meltine amempa Apfia kitanda chake.* Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe Apfia, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

"Sitaki," alisema Apfia.

"Mama, imeshaandikwa."

"Ifutwe."

"Karani hafuti."

"Huyo karani afute pua yake kwanza! Na wewe utakwenda wapi? Eh? Nijibu." Alikuwa amelala ubavu, mdogo kabisa chini ya blanketi, lakini macho yalikuwa yanawaka. "Nimekutunza ili uje ukalale na mbuzi? Mimi mzoefu, wewe hutaweza."

Meltine alitoka nje kuwaita wanaume wawili wa ua wa jirani wenye kiti cha kubebea. Apfia alilalamika njia nzima: kiti kinayumba, jua kali, wabebaji wananuka vitunguu. Walipofika kaburini Trifosa alikuwa ameketi kwenye benchi, mlango uko wazi. Wale wanawake wawili walikuwa hawajasalimiana tangu Apfia alipoolewa. Walitazamana.

"Umezeeka," alisema Trifosa.

"Na wewe si kigoli."

"Karibu ndani," alisema Trifosa, akamshika mkono kumvusha kizingiti.

Apfia aliwasalimu waliolala, kwanza Tatia, kisha Glikoni, akamwambia Glikoni kwamba ni mzembe mkubwa, angekwenda kwa karani mapema haya yote yasingetokea. Kisha akageuka kuukabili ukuta wa mbele. Akakiona kile kitanda kifupi. Alimtazama Trifosa, Trifosa akatazama chini, na Apfia akajua kwamba Meltine ameambiwa.

"Yale yamepita," alisema haraka. "Mtoto alikuwa mwepesi kubeba, hata haikuwa kazi."

"Mama, tazama," alisema Meltine. Akavua viatu, akapanda, akalala chali kwenye kitanda chake mwenyewe. Kichwa kilizidi mto. Miguu, kuanzia magotini, ilining'inia hewani, ikaanza kuchezacheza. "Unaona? Hainitoshi nafasi hii. Ulinitoa humu ukanijaza uji wa shayiri mpaka nikarefuka hivi. Kosa ni la nani?"

Apfia alianza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo lake bovu, machozi yanamtoka, akisema "aa, niache, inauma," na Trifosa naye akacheka, wakashikana wasianguke. Meltine alishuka. Wakampandisha Apfia polepole, wakamlaza ubavu. Alikunja magoti kama alivyokuwa akikunja kila usiku wa maisha yake, akaweka shavu kwenye ule mto mdogo, akaenea sawasawa.

"Eh," alisema, uso umeelekea ukuta. "Jiwe ni la baridi. Zuri kwa mgongo." Kisha, baada ya muda, kwa sauti ndogo: "Una hakika, mwanangu? Ukinipa sikurudishii."

"Nina hakika."

"Haya. Asante." Akapapasa nyuma mpaka akaupata mkono wa Meltine, akaushika. "Asante sana. Nilikuwa naogopa mno."

Aliishi siku nane zaidi, na katika siku hizo nane hakufanya mzaha wa mbuzi hata mara moja. Alikufa mchana, mdomo ukiwa bado na asali aliyolambishwa, Meltine amempakata. Trifosa alikuja kabla ya kuitwa, akakunja mikono ya nguo, wakamwosha wote wawili kwa maji ya moto. Walimtia mdomoni sarafu yake ya nauli ya kuzimu, wakamvika taji, na watu wa sufu wote wa mtaa wetu walimsindikiza na filimbi hadi lango la kaskazini na kuvuka. Sisi tuliofua naye tulisimama barabarani tukasoma lile jiwe, na asiyejua kusoma akasomewa.

Ndani waliingia Meltine na Trifosa peke yao. Walimlaza ubavu, magoti yamekunjwa. Meltine alikaa naye kitambo, akamrekebisha shela begani, akatazama kulia, akatazama mbele, akatazama kushoto. Watu wake wote walikuwa mle. Kisha akatoka, mlango ukalia, Trifosa akafunga, akauchomoa ufunguo kiunoni akamkabidhi.

"Utunze wewe sasa. Mimi mzee."

Meltine aliugeuza ule ufunguo mkononi. Ulikuwa wa nyumba isiyo na nafasi yake. Alijua tangu mwanzo itakuwa hivyo, aliandika mwenyewe kwa hiari yake, lakini kulijua jambo na kusimama mbele ya mlango uliofungwa ni vitu viwili.

"Mama mkubwa," alisema, "wote wako ndani. Mimi nimeachwa nje."

"Ndiyo," alisema Trifosa, akamshika kiwiko. "Ndivyo alivyotaka tangu ukiwa na miaka tisa. Huyo mwanamke hajawahi kutaka jambo lingine."

Hapo Meltine akalia kwa sauti, katikati ya barabara, watu wakipita na punda na makapu yao ya tini, na kwa kuwa ni barabara ya makaburi hakuna aliyeona ajabu.